Litara na Watu Wasio na Kijiji

Banda la gari la nyumbani kwetu, Mangere, halikuwahi kulaza gari. Gari lilinyeshewa nje miaka yote, na Papa alisema bati alilinunua kwa ajili ya watu, si kwa ajili ya Toyota. Humo tulifanyia vikao vya ukoo, mazoezi ya kwaya, harusi mbili na matanga ambayo idadi yake imenitoka. Wageni kutoka kwetu Samoa walilala humo kwenye magodoro, na Jumapili baada ya ibada ndimo tulimokula palusami, yale majani ya magimbi kwa tui la nazi, na nyama ya kopo mpaka macho yakawa mazito. Nikiikumbuka nyumba ile, moyo unanienda kwenye banda kwanza. Nawaona wote wamekaa mikekani, wameegemea ukuta, na dada yangu Litara yuko kwenye kona yenye soketi, mbele ya meza ya kupigia pasi, anaongea kwenye kompyuta na watu wasio na majina.

Hapo ndipo alipoanzia kazi yake. Siku hizi watu wakisikia Litara yuko kwenye ile intaneti mpya isiyo na mwenyewe, wanamletea simu zao zilizokufa awatengenezee. Wanajisumbua. Litara hajui kompyuta hata kidogo. Yake ikigoma huipiga kofi, na ikiendelea kugoma huniita mimi niipige, kwa kuwa mkono wangu ni mzito.

Miaka mingi alikaa kaunta ya uwanja wa ndege, akiwapimia mizigo watu wetu wanaokwenda kwao na ndoo za nyama ya chumvi. Alijua nani anaficha kilo tatu kwenye koti na nani analia kwa sababu anamzika mama. Kisha ndege zikasimama kwa ule ugonjwa, naye akarudishwa nyumbani na barua ya shukrani. Majira hayohayo ya baridi figo za Papa zikakata tamaa. Mama alikuwa ameshatutoka, mimi nilikuwa zamu ya mchana kwenye kiwanda cha mikate, na kaka yetu mkubwa, Fereti, alikuwa Brisbane na watoto wake. Kwa hiyo Litara ndiye aliyempeleka mzee hospitali kusafishwa damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akamrudisha amechoka, akampikia viazi bila chumvi, akavumilia lawama zake juu ya viazi bila chumvi.

Mtandao wenyewe uliingia nyumbani kwa sababu ya mvua. Maji yaliingia bandani yakaloanisha kanda za kwaya, nyimbo ambazo Papa aliziongoza tangu mimi sijazaliwa. Litara akazikausha kwa kikausha nywele, akaziingiza kwenye kompyuta zile zilizopona, akaapa kwamba hazitalala tena mahali pamoja. Mwimba besi mmoja wa kanisani akamtajia Toroa.

Toroa si kampuni. Ni watu tu, huku na kule duniani, kila mmoja ana kisanduku kidogo nyumbani kwake kimechomekwa ukutani, na kwenye visanduku hivyo wanatunziana vitu. Wewe unanitunzia picha zangu, mimi nakutunzia nyimbo zako. Hawana makao makuu, hawana bosi, na hakuna mwenye ufunguo wa vyote. Hilo la mwisho ndilo wanalojivunia kuliko yote.

Litara akanunua kisanduku, akakichomeka, kikawasha taa nyekundu, kikanyamaza. Akauliza kwenye chumba chao cha mazungumzo. Akajibiwa na mtu mmoja maneno marefu ambayo hakuambulia hata moja. Akaudhika, akakizima, akaenda kuchemsha maji ya chai, akarudi akakiwasha, taa ikawa kijani. Kesho yake mtu mwingine akauliza swali lilelile. Kabla wale wajuzi hawajaanza, Litara akaandika: "Kizime, nenda kachemshe birika, likichemka kiwashe." Ikafanya kazi.

Basi akanogewa. Papa akiwa amelazwa kwenye mashine, Litara alikaa pembeni na simu akijibu watu. Mwenye hasira alimpoza, mgeni alimwonyesha njia, waliogombana aliwatenganisha kama alivyowatenganisha abiria kwenye foleni. Hakuna aliyemtuma. Kisha shangazi yetu akafariki, tukawa kwenye msiba juma zima, na aliporudi mtandaoni akakuta watu wanaulizana: "Yule wa birika yuko wapi?"

Kumbe wenzetu wale ndivyo wanavyoajiri. Hakuna barua ya maombi wala kukaa mbele ya meza umefunga tai. Unaanza tu kufanya, na siku ukikosekana wakakutafuta, ujue umepata kazi. Mmoja wa waanzilishi, aliyejiita Viazi Vitatu, akamwandikia kwamba jumuiya ingependa kumlipa kwa miezi mitatu ya majaribio, kisha wanachama wote wapige kura abaki au aondoke.

Litara akaja kumwambia Papa. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, amejifunga shuka lake la lavalava, anatazama raga.

"Mkubwa wao nani?" Papa akauliza.

"Hawana mkubwa, Papa."

"Atakayekulipa?"

"Wote."

"Wote ndio akina nani?"

"Kuna Viazi Vitatu, kuna Kijiko, kuna mmoja anaitwa Mvua ya Jumanne..."

Papa akanigeukia mimi. "Sieni, hebu mguse dada yako kichwa. Ana homa huyu."

"Hayo ni majina ya kujipa tu, Papa," Litara akasema. "Kule watu hawatumii majina yao."

"Mtu asiyetaja jina lake amekimbia deni au amekimbia mke."

"Mimi nimeandika langu lote. Jina, ukoo, kijiji na kanisa."

"Angalau yupo mmoja mwenye adabu," mzee akasema, akarudi kwenye raga.

Si kwamba alikuwa mkorofi. Papa alikuwa matai, mkuu wa ukoo wetu, mwenye jina la heshima kutoka kijiji cha Safotu, na kwetu mtu hafungui mdomo kikaoni kabla hajasema ni mtoto wa nani na kijiji chake ni kipi. Ukishajua kijiji chake ndipo unajua umkalishe wapi, umpe kipande gani cha nguruwe, na utani gani usimtanie. Tumelelewa hivyo. Mimi mwenyewe nikipanda lifti na Msamoa nisiyemjua, tukifika ghorofa ya tatu nimeshajua bibi yake amezikwa wapi.

Litara akaipeleka tabia hiyo kazini. Kila Alhamisi asubuhi alikuwa na mkutano wa video wa kuwakaribisha wageni, na kila mgeni aliulizwa: "Unatoka wapi? Watu wako ni akina nani?" Kwa watu wale, kumuuliza mtu hivyo ni utovu wa adabu mkubwa. Wengi wameingia huko hasa kwa sababu hakuna anayewauliza. Lakini Litara aliuliza kwa namna yake, na kikombe cha koko, kakao ya kwetu, mkononi, kuku wa jirani wakisikika nyuma, hata watu wakajikuta wanajibu. Wengine walimjibu pembeni, faraghani. Kuna mmoja kutoka sijui Norwei aliyelia. Alisema hajaulizwa swali hilo tangu mama yake afe.

Nilikuwa napenda Alhamisi. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nakunja nguo bandani, nasikiliza dunia nzima ikiongea kwenye kona yetu. Papa alikuwa anaingia na fimbo yake, anasimama nyuma ya kompyuta asionekane, anatikisa kichwa, anatoka. Sitasema tulikuwa na raha, maana mzee alikuwa mgonjwa na pesa zilikuwa za kubana. Lakini tulikuwa wote.

Fereti ndiye aliyelitia neno. Alipiga simu Jumapili moja tukiwa mezani, Papa akaiweka simu katikati ya sahani za taro, magimbi yetu, ili wote tusikie.

"Mzee," Fereti akasema, "uwanja wa ndege unawaita watu wao warudi. Litara akirudi zamu ya alfajiri, nani atakupeleka hospitali? Sieni hawezi. Huku nimeshatayarisha chumba."

"Mimi nina kazi," Litara akasema.

"Una majaribio, dada. Ya watu wanaoitwa Viazi."

"Kura ni Jumamosi ijayo."

"Basi tuseme hivi. Kura ikipita, mzee abaki. Isipopita, wewe urudi uwanja wa ndege na mimi nakuja kumchukua. Sisemi kwa ubaya."

Hakusema kwa ubaya, najua. Papa akamega taro kidogo, akaiacha kwenye sahani. "Kaburi la mama yenu liko hapa," akasema. "Huko Brisbane nitakuwa nakwenda kumtembelea nani?" Simu ilikuwa bado iko katikati ya chakula, na tulimsikia Fereti akipumua ndani yake.

Alhamisi iliyofuata, siku mbili kabla ya kura, ndipo Litara alipoharibu.

Siku hiyo aliingia mgeni aliyejiita Mzee Soksi, mtu wa maneno mengi. Alipoulizwa anatoka wapi alijibu bila kusita, akataja mji mmoja mdogo wa kisiwa cha kusini ambao sitautaja. Litara akapiga makofi kwa furaha, kama angefanya bandani akigundua wageni wawili ni wa kijiji kimoja.

"Kumbe una ndugu hapa," akasema. "Kijiko naye ni wa hukohuko. Anauza dawa, lile duka la karibu na posta. Kijiko, msalimie mwenzako basi."

Hakuna aliyesema kitu. Mimi mjinga, na soksi za Papa mkononi, nilidhani wamefurahi mno. Kisha kijidirisha cha Kijiko kikazimika. Muda si mrefu Litara akapata ujumbe, akausoma, akanipa na mimi nisome. "Yupo mtu ambaye hatakiwi kujua niliko. Nimehama miji mitatu kwa sababu yake. Nilikwambia wewe kwa kuwa uliniuliza vizuri." Baada ya hapo jina la Kijiko likafutika kila mahali.

Litara aliweka mikono yake yote miwili juu ya meza ya pasi, akaiangalia. Viazi Vitatu ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa na sauti ya taratibu, ya mtu anayelala vizuri.

"Litara, unajua mkutano huu unarekodiwa?"

"Ndiyo. Ifute sehemu ile, tafadhali. Sasa hivi."

"Siwezi. Kila mwenye kisanduku ameshapata nakala yake."

"Basi zifute zote."

"Hakuna anayeweza kuzifuta zote. Tuliijenga hivyo makusudi, ili asitokee mtu wa kumfutia mwenzake."

Walikuwa wamejisifu kwa jambo hilo miaka yote, na sasa sifa yao yenyewe ilikuwa inatembea duniani na anwani ya mtu aliyejificha. Mhandisi yeyote asingeweza kusaidia. Njia ilikuwa moja tu, kumwomba kila mwenye kisanduku, mmoja mmoja, afute nakala yake kwa hiari yake. Walikuwa zaidi ya sitini.

Kabla ya chakula cha jioni mtu alishapendekeza Litara aondolewe bila kungoja. Viazi Vitatu akasema kura ibaki Jumamosi kama ilivyopangwa, ila sasa kila mtu alijua itakwendaje. Litara alilia, nami nikalia, ila hatukuwa tunalilia kitu kimoja. Yeye alikuwa anamlilia yule wa duka la dawa. Mimi nilikuwa nakiona kiti cha Papa kitupu.

Alishinda Ijumaa nzima hospitali kando ya mashine ya Papa akiwaandikia watu, nami niliomba ruhusa kazini nikakaa nao. Wengine walifuta upesi. Wengine hawakujibu. Wengine walisema wamesikitika lakini hawafuti, na aliyewapa maneno ya kusemea ni Viazi Vitatu.

"Nikifuta leo kwa huruma," alimwambia Litara kwenye simu, "kesho atakuja mwenye nguvu anitake nifute kwa sababu zake. Nitamwambia nini? Kwamba huwa tunafuta, ila kwa watu tunaowaonea huruma?"

"Huyu si mwenye nguvu. Ni mtu anaogopa."

"Naelewa."

"Huelewi, kaka. Ungekuwa unaelewa ungeshafuta."

Papa alikuwa amelala na mirija mkononi, macho amefumba. Tulidhani kasinzia.

"Umemkosea mtu," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Vibaya?"

"Vibaya sana."

"Nyumba yake iko wapi?"

"Papa, hilo ndilo lenyewe. Haitakiwi ijulikane."

Mzee akawaza. Nesi akaja, akaangalia mashine, akaondoka, Papa bado anawaza. "Lakini mnapo mahali mnapokutania," akasema.

"Kwenye kompyuta tu."

"Basi hukohuko. Sieni, ukifika nyumbani toa ule mkeka wa mama yako."

Nilijua mara moja. Kwetu mtu wa ukoo akimkosea mtu vibaya, haendi yeye kuomba radhi. Anakwenda mkuu wa ukoo. Anakwenda alfajiri, anakaa chini mbele ya nyumba ya aliyekosewa, amefunikwa mkeka laini wa heshima kuanzia kichwani, kimya. Hajitetei wala haombi. Wenye nyumba wanaweza kumpiga, wanaweza kumwacha aungue jua mpaka jioni. Wakisamehe, wanatoka wenyewe na kumfunua. Tunaiita ifoga, na haifanywi kwa mzaha.

"Papa, wewe ni mgonjwa," nikasema. "Sakafu ile ni saruji. Figo zako..."

"Figo hazina jina la ukoo. Mimi ninalo."

"Wale si Wasamoa. Hawatajua hata unafanya nini."

"Mimi nitajua."

Jumamosi alfajiri kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Litara aliwaandikia wote kwamba familia yake inakuja. Akaishusha kompyuta kutoka meza ya pasi akaiweka juu ya kreti la soda, sawa na uso wa mtu aliyekaa chini. Papa akavaa shati lake jeupe la kanisani na lavalava nyeusi, akashuka polepole, mimi mkono huu, Litara ule. Alikataa godoro. Mkeka wa Mama ulikuwa mwororo kama kitambaa, umesukwa na bibi yake miaka mingi, una manyoya mekundu pembeni. Mara ya mwisho niliugusa siku tuliyomzika. Tukamfunika Papa, akapotea humo ndani.

Vijidirisha vikaanza kufunguka, vyeusi vingi, vichache vyenye sura. Kwa baadhi yao ilikuwa mchana, kwa wengine usiku.

"Hiki ni nini?" Viazi Vitatu akauliza.

"Ni baba yangu," Litara akasema. "Amekuja kwa kosa langu. Kwa Kijiko, kama yupo anasikia. Hatasema kitu. Hata mimi sitasema tena."

Akakaa chini nyuma ya Papa, nami nikakaa kando yake. Mmoja akacheka kidogo, mwingine akamwambia anyamaze. Halafu hapakuwa na sauti nyingine ila friji yetu kuukuu na pumzi za Papa, ambazo ziliuinua mkeka na kuushusha.

Sijui tulikaa muda gani. Mlango wa banda ulikuwa wazi nusu, mwanga ukaanza kuingia. Mzee Soksi ndiye aliyeanza. "Mimi nimefuta," akaandika. "Nilikuwa nimefuta tangu jana, lakini naona niseme." Akafuata mwingine. Akafuata yule wa Norwei. Wakawa wanaandika mmoja baada ya mwingine, nimefuta, nimefuta, hata ambao hawakuwa wamejibu, na wengine nafikiri hawakuelewa kabisa wanachokiona, waliona tu mzee amekaa chini kwenye baridi.

Mkeka ukaanza kutetemeka. Si pumzi tena, ni mwili mzima. Nikanyoosha mkono niufunue, Litara akanidaka.

"Usiguse, Sieni."

"Atakufa humo."

"Si sisi wa kumfunua. Usiguse."

Niliichukia kompyuta ile, nilimchukia dada yangu, na mila yetu niliichukia pia, yote kwa pamoja.

"Tafadhali mwambie ainuke," Viazi Vitatu akasema. Sauti yake haikuwa tena ya mtu anayelala vizuri. "Hii si haki. Mnanilazimisha."

"Hakulazimishi mtu," Litara akasema. "Ukitaka zima, kanywe chai yako."

Hakuzima. Tulimsikia akivuta kiti, akikisogeza tena. "Nimejenga kitu hiki ili asiwepo mtu wa kuniamuru," akasema. "Sikuwahi kufikiria itakuwaje mtu akikaa tu." Kisha vidole vyake vikasikika kwenye vibonyezo. "Nimefuta. Nakala yangu ilikuwa ya mwisho, nimehesabu majibu yote."

Papa hakuinuka. Hawakuwa wao wa kumwinua. Tukaendelea kukaa, nami nikaanza kuomba chini kwa chini, maneno ya mtoto, yasiyo na mpangilio. Ndipo kijidirisha kimoja kikafunguka bila picha, na mahali pa jina pana nukta tu. Maneno yakaja polepole.

"Mfunueni mzee. Saruji si nzuri kwa umri wake." Na baadaye kidogo: "Yule mtu hajajua niliko. Niko salama."

Litara akaufunua mkeka. Papa alikuwa amejikunja, midomo imebadilika rangi, nywele nyeupe zimesimama. Akapepesa macho kwenye mwanga.

"Amekuja?" akauliza.

"Amekuja, Papa."

"Ni wa kijiji..." Litara akamwangalia. Mzee akafunga mdomo. Naapa lilikuwa jambo gumu kuliko saruji. "Mwambie asante," akasema. "Siku akipita Mangere, chakula kipo."

Kura ikapita. Viazi Vitatu alipiga hapana, akasema kufuta ni jambo moja na kazi ni jambo jingine, na Litara akasema anamheshimu kwa hilo, jambo ambalo mimi sijaliweza mpaka leo. Mikutano ya Alhamisi ikaacha kurekodiwa. Kijiko hakurudi kwa jina hilo. Kama alirudi kwa jingine, Litara hakuuliza. Fereti alipopigiwa simu alicheka kwa pua, akasema basi kile chumba ataweka meza ya biliadi.

Papa akabaki kwenye nyumba yake. Kila Alhamisi akawa anasogeza kiti mpaka mlango wa jikoni unaoingia bandani, anakaa na koko yake asiyoruhusiwa, anasikiliza. Litara alikuwa na maneno mapya ya kuwapokea wageni. "Karibu," alisema. "Tutakuita jina lolote upendalo. Si lazima useme unatoka wapi." Na kila alipomaliza, sauti ya Papa ilitoka jikoni: "Muulize tu!"

Watu walicheka mpaka machozi. Ikawa desturi yao. Wenyeji walikuwa wanawaambia wageni wasubiri, mzee anakuja, na wageni wengine, kwa hiari yao, walimtajia kwao. Papa alijibu kila mmoja. Huko kuna baridi, alisema, au, nilikuwa na binamu aliyeoa huko. Ikaenda hivyo baridi mbili na majira yote ya katikati. Ningepewa nichague siku za kurudia, ningechagua hizo, na nguo za kukunja zikiwa palepale.

Alhamisi yenyewe mimi nilikuwa kiwandani, walinibadilishia zamu. Litara ndiye aliyenihadithia. Kulikuwa na mgeni mmoja mpya. Alimkaribisha, akamwambia atamwita jina alipendalo, akamwambia si lazima aseme anatoka wapi, kisha akatulia, akiwa tayari anatabasamu. Wenzake nao wakatulia. Mtu mmoja akaandika: "Mzee leo vipi?"

Litara akavua visikizio, akaviweka juu ya meza ya pasi, akaenda jikoni. Papa alikuwa kwenye kiti chake, ndara zake miguuni, kikombe amekiweka sakafuni vizuri, hakikumwagika. Dada yangu akapiga magoti, akamshika mkono, ulikuwa bado una joto. Bandani, wale watu walikuwa bado wanasubiri.